Naomba ushauri: namna ya kuwafundisha wanafunzi kutafuta na kupima habari za intaneti

Ndugu walimu, poleni na kazi. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Jinja, Uganda, na tangu mtaala mpya uanze kutumika katika kidato cha kwanza mwaka 2020, wanafunzi wanatakiwa kufanya miradi inayowalazimu kutafuta habari wenyewe. Shida ni kwamba wengi huandika swali zima la mwalimu kwenye Google, hufungua jibu la kwanza na kulinakili lote, bila kuuliza limeandikwa na nani, lini, wala kwa kusudi gani.

Nilipowapa kazi kuhusu bwawa la umeme lililofunguliwa hapa mwaka 1954, waliotafuta kwa jina la Owen Falls na waliotafuta kwa jina la Nalubaale walibishana kana kwamba ni mabwawa mawili, ilhali ni lile lile lililobadilishwa jina. Kuanzia hapo ninawafundisha kubadilisha maneno ya kutafutia, kuweka jina ndani ya alama za kunukuu, na kuongeza site:go.ug ili wapate kurasa za serikali pekee. Hayo wanayashika upesi. Kupima ukweli ndiko kugumu, kwa kuwa ukurasa uliopambwa huwavuta kuliko taarifa kavu ya wizara.

Naomba mnielekeze: mnawazoeshaje kutoka kwenye ukurasa na kuangalia wengine wanasema nini juu ya mwandishi wake, hasa pale ambapo wanafunzi watano hutumia kompyuta moja na bando huisha katikati ya kipindi?