Altrasaundi ya tumbo: nijitayarishe vipi?

Mkaazi wa Faza: Assalamu alaykum. Daktari anashuku vijiwe kwenye nyongo na ameniandikia altrasaundi ya tumbo, nami nitavuka kwa boti asubuhi kwenda Lamu mjini. Je, nile kabla ya kuondoka, na mionzi yake ina madhara?

Mkunga, Langoni: Waalaykum salaam, dada yangu. Usile kwa saa 6 hadi 8, kwani chakula, hasa chenye mafuta, hukifanya kifuko cha nyongo kijikaze, na vijiwe vikawa vigumu kuonekana. Maji matupu kidogo kwa kawaida huruhusiwa, na dawa zako za kila siku usiziache bila kuuliza. Mionzi haimo kabisa: ni mawimbi ya sauti yasiyosikika, na ile jeli ya baridi utakayopakwa huondoa hewa baina ya kifaa na ngozi.

Mama wa Wawili: Anayepimwa kizazi au mimba changa, mara nyingi huambiwa kinyume chake: anywe maji mengi, na asiende msalani mpaka amalize.

Mkunga, Langoni: Ni kweli. Nawe dada, kama una kisukari, mwambie daktari leo hii, maana kukaa na njaa ukiwa safarini kunaweza kuishusha sukari ghafla.