Naomba ushauri: Dodoma hadi Kalenga na Lugalo, na mzee wa miaka 74

Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma, maeneo ya Area C, nataka jumamosi nimpeleke baba Iringa akaone makumbusho ya chifu Mkwawa wa Wahehe pale Kalenga, maana tangu nikiwa mdogo anatusimulia jinsi Wahehe walivyomchapa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo mwaka 1891 afu miaka mitatu baadae Wajerumani wakaja na mizinga wakaivunja ngome ya Kalenga, anasimulia utafikiri alikuwepo, na ikifika kwenye lile fuvu la Mkwawa kurudishwa 1954 kutoka Ujerumani lazima anyamaze kidogo avute ugoro ndo aendelee.

Sasa shida ni magoti yake, hatembei sana, na kagari kangu ni IST. Lami ya kupitia Mtera naijua (mzee keshasema lazima tusimame pale bwawani anunue samaki, hapo sina ubishi), ila sijui kutoka Iringa mjini kuingia Kalenga njia ikoje kipindi hiki, gari ya chini inapita bila kugonga?

Halafu Kalenga na Lugalo ziko pande tofauti, Lugalo ni huku barabara ya Morogoro. Inawezekana zote siku moja na kurudi Dom usiku, au nilale tu Iringa?

Pia nina binti wa darasa la nne anang'ang'ania kuja. Fuvu si litamtisha? Mliowahi kwenda na watoto nisaidieni, na kiingilio mnalipaje siku hizi, keshi au kwa simu?