Kikundi cha Majirani wa Geti Jeusi, Shabab, Nakuru

IJUMAA

Katibu: Habari za jioni majirani. Mtungi wa gesi wa Mama Brayo uliibwa juzi mchana, wengi mmesikia. Nimeangalia kamera ya geti pamoja na mwenye ploti. Aliyetoka nao amevaa buibui na uso umefunikwa, mtungi ameutia kwenye gunia. Sura haionekani kabisa. Naomba maoni kabla ya kikao cha Jumapili.

Mama Brayo: Wa kilo 13 jamani. Na ulikuwa umejaa 😭

Baba Chebet: Maoni yangu ni mafupi. Kuanzia Jumatatu, mtu aliyefunika uso asiingie geti hili. Kwisha.

Jamo Nduthi: Pole Mama Brayo. Lakini mtu anabeba mtungi wa kilo 13 na anatembea kama anaenda arusi? Huyo ni mwanamume, naapa. Katibu hebu angalia viatu kwenye hiyo video.

Katibu: Jamo tafadhali, hili si la mchezo.

Jamo Nduthi: Sichezi. Angalia viatu.

Mama Nasra: Assalaam aleikum. Nimesoma. Ploti hii tunaovaa nikabu ni wawili, mimi na dada wa Nyumba 14. Baba Chebet, badala ya kusema "mtu aliyefunika uso" taja tu majina, si tunajuana.

Baba Chebet: Mama Nasra, sikukutaja na siwezi kukushuku. Tumeishi vizuri. Naongea usalama, kazi niliyoifanya hadi nikastaafu. Septemba 2016, kituo cha polisi cha Central kule Mombasa, wanawake watatu wenye mabuibui waliingia wakasema wameibiwa simu. Ndani walikuwa na kisu na bomu la petroli. Askari alichomwa kisu ndani ya kituo. Sasa kama kituo cha polisi kinaingiliwa hivyo, geti letu ni nini?

Baba Chebet: Na si mimi peke yangu. Ufaransa wamekataza, Ubelgiji, Austria, Denmark, Uswisi. Ureno bunge lilipiga kura Oktoba 2025. Chad, ambako Waislamu ndio wengi, wamekataza pia. Hao wote ni wajinga?

Mwalimu Omondi: Si wajinga, lakini hawakukataza kwa sababu moja, Baba Chebet. Ngoja niandike nikiwa mezani, hapa niko kwa matatu.

Jamo Nduthi: Mwalimu akisema "ngoja niandike" tafuteni chai.

Cucu wa Nyumba 9: Mimi nikiwa na kilemba changu nitaingia ama?

Baba Chebet: Cucu, kilemba ni cha kichwa. Uso wako tunauona.

Cucu wa Nyumba 9: Leo ni uso. Nauliza tu.

Mzee Ramadhani: 🎤 ujumbe wa sauti, dakika 3

Mama Brayo: Babu bando langu limeisha, nani amesikiliza atuambie.

Mama Nasra: Mzee anasema hivi. Yeye amezaliwa Bondeni na zamani hapo mtaani nikabu ilikuwa nadra, mama zetu walivaa buibui na leso, uso wazi. Anasema wanachuoni hawajakubaliana kama kufunika uso ni wajibu. Kwenye ihramu ya hija mwanamke anaambiwa asivae nikabu. Na mwaka 2009 Sheikh Tantawi wa Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu kule Misri, aliizuia nikabu kwenye madarasa ya wasichana yenye walimu wanawake. Kwa hiyo anasema wanawake wetu wakiivua getini hawatakuwa wametoka kwenye dini.

Mama Nasra: Nimeyaandika kwa uaminifu Babu. Sasa na mimi niseme yangu. Mimi sikuambiwa na mume, na marehemu mama yangu hakuvaa. Nilianza mwenyewe nikiwa na watoto wawili tayari. Kama si wajibu basi ni hiari yangu, na hiari ya mtu mzima haipigiwi kura na majirani.

Mzee Ramadhani: Sikukataa mwanangu. Nimesema tu isifanywe kubwa kuliko ilivyo.

Baba Chebet: Mzee Ramadhani asante. Mmesikia kutoka kwa mwenye dini.

Mama Nasra: Na mimi si mwenye dini?

(Katibu amebadilisha mpangilio wa kikundi: wote wanaweza kutuma ujumbe)

Katibu: Samahani, nilikuwa nimefunga nikidhani tutapigana. Endeleeni kwa heshima.

Mwalimu Omondi: Haya nimefika. Ufaransa: sheria ilipitishwa 2010, ikaanza kazi Aprili 2011. Faini hadi yuro 150. Lakini anayemlazimisha mwanamke kujifunika anaweza kufungwa mwaka mmoja na kulipa yuro 30,000. Mwanamke mmoja, jina lake limefichwa kwa herufi S.A.S., akaishtaki Ufaransa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Hukumu ikatoka Julai 2014 na Ufaransa ikashinda. Sasa hapa ndipo pana utamu. Haikushinda kwa usalama. Mahakama ilisema kukataza kila mahali, kila mtu, kwa sababu ya usalama ni kupita kiasi kama hakuna hatari ya jumla iliyothibitishwa. Hoja ya usawa wa wanawake nayo ikakataliwa. Iliyobaki ni moja: kwamba Wafaransa wana haki ya kutaka watu waishi pamoja wakionana nyuso.

Jamo Nduthi: Yaani ameshtakiwa kwa kukosa kusalimia.

Mwalimu Omondi: 😂 Karibu hivyo. Na huyo S.A.S. mwenyewe aliiambia mahakama kwamba benki, uwanja wa ndege, popote panapohitaji ukaguzi, ataonyesha uso. Hakuwahi kudai kupita bila kutambuliwa. Halafu Oktoba 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema kinyume kuhusu wanawake wawili wengine, kwamba Ufaransa imewavunjia haki, na kwamba sheria kama ile inaweza kuwafungia wanawake nyumbani badala ya kuwaokoa.

Baba Chebet: Na Uswisi? Wale walipiga kura wananchi wenyewe.

Mwalimu Omondi: Machi 2021, asilimia 51.2 wakasema ndiyo. Sheria imeanza Januari 2025, faini hadi faranga 1,000. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Lucerne alikuwa amekadiria wanaovaa nikabu nchi nzima ni kama 30. Na sheria ina ruhusa zake: baridi, afya, sherehe za kienyeji.

Jamo Nduthi: Baridi inaruhusiwa??? Basi mimi niko salama. Saa kumi na moja asubuhi kutoka hapa hadi stendi nimejifunga skafu hadi kwa macho na helmeti juu. Miaka yote hii soja hajawahi kuniambia "fungua nikuone". Nikiingia na mtungi wa mtu nikatoka nao atasema kwaheri Jamo.

Mama Brayo: Jamo usinitie mawazo.

Baba Chebet: Mwalimu umekwepa Chad.

Mwalimu Omondi: Sijaikwepa. Juni 2015 mabomu ya kujitoa mhanga yalilipuka N'Djamena, serikali ikapiga marufuku kufunika uso siku chache baadaye. Julai, mwezi uliofuata, mwanamume aliyevaa kama mwanamke, uso umefunikwa, akajilipua kwenye soko kuu la mji huo huo, akaua watu zaidi ya 10. Marufuku ilikuwa tayari ipo. Kamerun nao walikataza mkoa wa Kaskazini ya Mbali mwezi huo huo baada ya mashambulizi ya Fotokol. Siwalaumu, walikuwa vitani na Boko Haram. Lakini aliyekuja kufa haogopi faini.

Baba Chebet: Sheria haizuii kila kitu. Inampa askari nguvu ya kusimamisha. Ukiona aliyejifunika siku ile, unajua ni wa kukamatwa. Bila sheria unaogopa kumgusa.

Mwalimu Omondi: Hiyo nakubali ni hoja.

Mama Nasra: Niwaambie kitu mnachosahau. Mimi nina kibanda cha M-Pesa, mnanijua. Kutwa nzima kazi yangu ni kutazama kitambulisho, kutazama uso. Kijana anakuja na kofia imeshuka hadi puani, namwambia inua. Siwezi kumpa pesa mtu nisiyemwona. Kwa hiyo msinieleze kutambua mtu ni nini, ndiyo unga wangu. Na mimi nikienda benki wakitaka uso, nafunua. Namwomba tu awe mwanamke, na kwa kawaida yupo.

Mama Nasra: Lakini hapa getini mwaka wa ngapi huu, soja hajaniuliza HATA SIKU MOJA mimi ni nani. Anaona buibui, anainamisha macho, anafungua. Anadhani ndiyo heshima. Mwizi amejua hilo. Hata mngepiga marufuku leo, soja yule yule angeinamisha macho vile vile.

Katibu: Hili sikuwa nimelifikiria.

Jamo Nduthi: Nimesema viatu nikapuuzwa.

Cucu wa Nyumba 9: Mimi nitasema kidogo na nilale. Sisi Wakorino, Wakristo wa vilemba, tunajua habari ya kuangaliwa kichwani. 1934, Ndarugu, polisi wa mkoloni walipiga risasi watu wetu wakafa, akiwemo Joseph Ng'ang'a. Walikuwa wakisali. Watu wa vilemba walionekana ni hatari. Nikiwa msichana nilienda kuchukua kipande, ofisi moja, nikaambiwa nivue kilemba mbele ya wanaume wote kwenye foleni ama nirudi nyumbani. Nilirudi nyumbani. Nilikaa bila kipande hadi nikazaa. Mimi sivai kitu cha uso na sitavaa. Lakini Baba Chebet, usiandike hiyo sheria.

Mama Brayo: Cucu 🙏🏾

Baba Chebet: Cucu nimekusikia. Kilemba si sawa na kujificha uso, bado nasema. Mtu akiniongelesha nataka kumwona. Si chuki.

Mama Nasra: Si chuki, najua. Lakini 2020 serikali ilitulazimisha sote kufunika, ukishikwa bila barakoa faini hadi 20,000 au miezi sita jela. Tuliongea mwaka mzima macho kwa macho, ulikuja dukani kwangu kila wiki, hukulalamika kwamba hunioni.

Baba Chebet: Ile ilikuwa ugonjwa.

Mama Nasra: Ndiyo. Kumbe ukiwa na sababu unayoikubali unaweza.

Jamo Nduthi: 🔥🔥

Jamo Nduthi: Na tukiongea nyuso zilizofichwa tuongee zote basi. 2024 wakati wa maandamano waliokuja kuchukua vijana walikuwa na barakoa nyeusi na magari bila namba. Hadi Mahakama Kuu ikaamuru polisi wanaotumwa kwa maandamano wavae sare na wasifiche nyuso. Hao ndio mimi naogopa kukutana nao usiku, si mama wa M-Pesa.

Baba Chebet: Hapo Jamo nakubaliana na wewe. Enzi zetu namba ya askari ilikuwa begani na ilisomeka.

Mama Brayo: Hawa wawili wamekubaliana. Piga picha ya skrini mtu 😂

Katibu: Turudi kwetu. Je, kisheria tunaweza hata kuweka hilo katazo? Mwalimu?

Mwalimu Omondi: Mimi si wakili. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda mtu kudhihirisha dini yake. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki kupunguzwa, lakini kwa sheria, kwa sababu ya maana, na kama hakuna njia nyepesi zaidi. Azimio la ploti si sheria. Ile kesi ya hijabu ya shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, wengi mnaikumbuka. Mahakama ya Rufaa ilikubali wasichana wavae mwaka 2016, halafu Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu Januari 2019, zaidi kwa sababu ombi lililetwa kwa njia isiyofaa. Na hiyo ilikuwa hijabu, uso wazi. Swali lenyewe la dini halikuisha. Sasa ploti ya nyumba 16 ikamalize kilichowashinda majaji?

Katibu: Nimeelewa. Pendekezo basi, tulijadili Jumapili:
Kila anayeingia, awe nani, soja amwulize jina na nyumba anayokwenda. Helmeti ivuliwe, skafu ishushwe, Jamo nakutazama. Aliyevaa nikabu na soja hamjui, amwonyeshe mwanamke uso wake. Na hakuna anayetoka na mtungi, tivii wala godoro bila mwenye nyumba kupigiwa simu.

Jamo Nduthi: Hiyo ya mwisho ndiyo ingeokoa gesi. Zingine zote ni siasa.

Baba Chebet: Mwanamke gani? Soja ni mmoja na ni mwanamume.

Mama Nasra: Mama mboga wa hapo getini. Yuko pale tangu alfajiri hadi saa mbili usiku, na anatujua sote.

Jamo Nduthi: Anatujua na madeni yetu.

Baba Chebet: Na baada ya saa mbili?

Mama Nasra: Baada ya saa mbili nipigieni mimi, nitashuka. Dada wa Nyumba 14 pia amekubali, nimemuuliza sasa hivi.

Mzee Ramadhani: Hiyo ni nzuri.

Cucu wa Nyumba 9: Huyo mama mboga mmemuuliza yeye?

Katibu: Bado Cucu. Nitamwuliza kesho asubuhi.

Cucu wa Nyumba 9: Na mumlipe. Si kazi ya bure kukagua watu huku anauza sukuma.

Mama Nasra: Shilingi 50 kila nyumba kwa wiki. Nimeshatuma yangu kwa namba ya ploti.

Mama Brayo: Nami natuma mwisho wa mwezi, gesi kwanza.

Baba Chebet: Nimetuma 200, ya mwezi mzima. Jumapili bado nitapinga.