Orodha ya vyuo imefika 19, nipunguzeje? Niko Texas darasa la 11

mwana_wa_zamu_ya_usiku

Shikamooni wakubwa, wa rika langu mambo. Niko darasa la 11 hapa Texas, mwezi wa 8 naingia la 12 na nataka kusoma sayansi ya kompyuta. Sasa shida yangu ni hii, Common App (ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi) mwisho wake vyuo 20, mi nimeshajaza 19 na jana usiku nimekaa nikajiuliza kila kimoja nimekiweka kwa nini, kumi na kitu jibu lilikuwa "nimesikia jina" tu. Stanford ipo, Princeton ipo, MIT ipo, UT Austin, A&M, Rice, vingine hata sijui viko jimbo gani.

Kwa cheo cha darasa niko kwenye asilimia 8 ya juu. Green card tunazo. Nyumbani hakuna aliyesoma chuo hapa Marekani, mama anafanya zamu ya usiku, kila nikimtajia chuo anauliza maswali mawili tu, "utasoma nini hapo na nani analipa", nabaki natoa macho. Kaunsela wa shule ana wanafunzi mia kadhaa, alinipa dakika kumi na karatasi yenye rangi tatu, nyekundu ya vyuo vigumu kupata, njano ya kati, kijani ya vya uhakika, akasema gawa vyuo vyako humo. Nyekundu imejaa, kijani haina kitu 😅 Naombeni mwongozo.

MjombaHesabu

Marahaba mwanangu. Hiyo kijani yako ina vyuo vingi tu ila hujui kama unavyo. Texas kuna sheria ya tangu 1997, aliyeko kwenye 10% ya juu ya shule yake anapokelewa moja kwa moja vyuo vikuu vya serikali ya jimbo, ilimradi kasoma masomo yanayotakiwa na fomu kaituma kwa wakati. UT Austin ndo wana mlango mwembamba zaidi maana walikuwa wanafurika, ilikuwa 6% na kuanzia wanaoingia 2026 imeshuka mpaka 5%. Kwahiyo wewe na 8% yako Austin utagombania kama wengine, lakini A&M, Houston, UT Dallas, UT Arlington, hapo nafasi ya chuo unayo.

Nimesema nafasi ya CHUO. Ya kozi ni habari nyingine na hapo ndo wengi wanalia. Mdogo wangu alipata barua, tukapiga vigelegele sebuleni, mstari wa kwanza hongera, sasa nikasoma mpaka chini nikakuta kapangiwa kozi aliyoweka chaguo la pili ambayo aliijaza tu ili fomu ikubali kwenda mbele. Kuhama kwenda kompyuta baada ya hapo ilikuwa foleni ya GPA (wastani wa alama), hakufika. Kwahiyo kila chuo kwenye orodha yako tafuta jibu la swali hili: naingia kozi moja kwa moja au naingia chuo halafu naomba kozi ndani? A&M kwa mfano engineering wote wanaanza ya jumla mwaka wa kwanza, halafu ndo unaomba fani yako. Sio kitu kibaya, ila ujue kabla, usije kushtukia mwezi wa pili.

Alafu MIT iondoe kwenye hesabu ya 20, wana fomu yao wenyewe haipiti Common App.

MamaPacha_wawili

Mwanangu mama yako ndo kauliza maswali ya maana kuliko hiyo karatasi ya rangi. Anza na la pili.

Kila chuo kinachopokea hela za msaada za serikali kuu kinalazimika kisheria kuweka kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake (sio kile cha mafao jamani, hiki kinasaidia 😂). Unajaza kipato cha wazazi, mko wangapi nyumbani, alama zako, kinakuletea makadirio ya mtakacholipa wenyewe. Usiangalie bei iliyoandikwa kwenye brosha, hiyo ni ya wenye nacho. Vyuo vya kifahari vyenye akiba kubwa mara nyingi kwa familia ya kipato kidogo vinakuja chini kuliko chuo cha binafsi cha kawaida ambacho bei yake inaonekana ya huruma. Rice wana mpango wao wa Rice Investment wanaangalia kipato. Na vyuo vya UT (University of Texas) kuanzia 2025 familia ya Texas yenye kipato cha dola 100,000 kushuka chini ada ya masomo haiwahusu, masharti yapo, mojawapo ujaze FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa kulipia chuo. Ila chumba na chakula havimo humo, ndo maana chuo unachoweza kwenda ukalala kwenu kina hesabu yake tofauti kabisa.

Mapacha wangu wakati wa barua za msaada zimekuja, moja ilikuwa imeandika jumla kubwaa ya "msaada", tukafurahi, baba yao akachukua kalamu ya njano akaanza kupaka kila palipoandikwa mkopo. Karatasi ikabaki ya njano karibu nusu. Mkopo sio msaada, utarudisha.

Na kitu kingine, ule mpango wa kuomba mapema wanaouita ED, ule unakufunga, wakikukubali unaenda na kwingine kote unafuta, huna tena cha kulinganisha. Kama hela ndo swali nyumbani, uogope mpaka kikokotoo kiseme vizuri. EA, ule mwingine wa kuomba mapema, ni tofauti, haukufungi, unajibiwa mapema ila una mpaka tarehe 1 Mei kuamua.

kapuku_msomi

Mi napingana kidogo na wakubwa. Ombeni vyote 20, ada ya fomu unaomba msamaha unasamehewa, unapoteza nini?

mwaka_wa_pili_CS

Unapoteza Novemba yote mkuu. Mi niliomba 16. Insha kuu ya Common App ni moja, maneno 650, hiyo haina shida, shida ni vile vijinsha vya kila chuo vya "kwa nini sisi". Nilipofika cha kumi na moja nilikopi cha kumi nikabadilisha jina la chuo, na sehemu moja nikasahau kubadilisha. Nimeituma hivyo hivyo. Sikujibiwa vizuri na sishangai.

Dada fanya hivi. Ukichukua chuo, tafuta mtandaoni hati yao inaitwa Common Data Set, vyuo vingi vinaitoa kila mwaka. Nenda kipengele C7, kuna jedwali linaonyesha wanachoangalia na kwa uzito gani, alama, cheo, insha, hata kama kuonyesha unakitaka chuo kunahesabika. Dakika tano unajua kama insha yako itasomwa kwa uzito au wanataka namba tu. Halafu kuna tovuti ya wizara ya elimu inaitwa College Scorecard, utaona wangapi wanamaliza chuo hicho, na mishahara ya baadaye utaiona kwa kozi hiyo hiyo, sio kwa chuo kizima tu.

Na ile kijani, mi niliweka chuo cha uhakika ambacho moyoni nilikuwa najua siendi hata kwa bunduki. Machi ilipofika ndo kilikuwa kimoja kati ya viwili vilivyonikubali. Hicho cha uhakika ndo ungekichagua kwa makini kuliko vyote, maana ndo unaweza ukalala humo miaka minne.

QuestBridge pia angalia, ni mpango wa ufadhili wa chuo kwa wanafunzi wa familia za kipato kidogo, kuomba bure, dedilaini huwa mwisho wa mwezi wa 9 kwahiyo uwahi.

mwana_wa_zamu_ya_usiku

Asanteni sana sana. Leo mama karudi saa 12 asubuhi hata viatu hajavua nikamkalisha na laptop, tumejaza kikokotoo cha vyuo sita. Kimoja cha binafsi hapa karibu ambacho siku zote alikuwa anasema "hicho tutakiweza" kimekuja ghali kuliko Princeton, kanyamaza, kaniambia rudia labda umekosea sifuri. Nimerudia, hola. Kakifuta mwenyewe.

Tumebaki na tisa, UT Dallas kwenye kijani na nimeangalia masomo yao ya mwaka wa tatu, kusema kweli nimeyapenda. Swali moja, ile hela ya ovataimu ya mama inaingia kwenye kipato au nijaze mshahara wa kawaida tu?

MamaPacha_wawili

Inaingia yote. Chukueni fomu za kodi msikisie. FAFSA inaangalia kodi ya miaka miwili nyuma ya mwaka unaoanza chuo, sio ya mwaka huu, kwahiyo kama ovataimu ya kipindi kile ilikuwa nyingi kuliko sasa mwambie mama aandikie ofisi ya msaada ya kila chuo awaeleze. Ila mwache alale kwanza.