Langmuir, vyumba viwili au milinganyo kamili: ipi ya kukokotolea ka na kd?

Panya_wa_Maabara
Wakuu, habari za usiku. Napima antijeni ya kilodaltoni 25 inavyoshikana na kingamwili niliyoibandika kwenye chipu ya SPR (mbinu ya kupima kwa mwanga molekuli zinavyonata usoni mwa chipu) hadi RU 3000 (RU ni kipimo cha kiasi kilichonata). Natumia modeli ya Langmuir ile ya kawaida:

dR/dt = ka·C·(Rmax − R) − kd·R

Hapo R ni kiasi cha antijeni iliyoshikwa, Rmax ni kikomo chake, C ni ukolezi wa antijeni, ka ni kasi ya kushikana na kd ni kasi ya kubanduka. Kwa macho inaridhisha, ila mwanzo wa grafu umenyooka kama rula. Kinachonikosesha usingizi ni hiki: mtiririko wa maikrolita 10 kwa dakika unanipa ka ya 9×10⁴, nikipandisha hadi 80 napata 1.6×10⁵. Molekuli ni zile zile! Msimamizi wangu anasema nichukue wastani. Nafsi inakataa. Nibaki na Langmuir, nihamie modeli ya vyumba viwili, au nitatue milinganyo kamili ya mtiririko na difyusheni (molekuli kusambaa zenyewe)?

Bi_Tarakimu
Wastani wa nini tena, mdogo wangu? Angalia: mtiririko umezidisha mara 8, na ka imekaribia maradufu. Kipeuo cha tatu cha 8 ni 2, na uwezo wa mtiririko kufikisha molekuli kwenye uso wa chipu hukua hivyo hivyo, kwa kipeuo cha tatu. Unapima wepesi wa mkaanga chipsi wakati viazi vimekwama njiani.

Vyumba viwili inagawa mfereji unaopita juu ya chipu: juu ukolezi haubadiliki, chini kuna tabaka jembamba linaloishiwa molekuli, na kt ndiyo kasi ya kuvuka kati yao. Ikirahisishwa, ni Langmuir yako yote kugawanya kwa 1 + ka·(Rmax − R)/kt. Kwa protini kt huwa karibu 10⁸ kwa vipimo vya RU. Kingamwili ina kilodaltoni 150 na mikono miwili, kwa hiyo Rmax yako ni 3000 × 25/150 × 2 = 1000. Tuseme ka halisi ni 10⁶: ka·Rmax/kt inakuwa 10, nawe unaona sehemu moja tu ya 11. Yaani 9×10⁴. Umeiona?

Fundi_Chipu
Hesabu tamu dada, lakini modeli haifuti kosa la mezani. Rmax ya 1000 ni kubwa mno kwa kupima kasi. Bandika RU 300 hivi, Rmax ishuke hadi 100. Halafu msisahau kubanduka: antijeni ikiachia, inadakwa na kingamwili jirani kabla haijasombwa, kd inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Mimi huweka kingamwili huru kwenye bafa ya kuoshea ili zile zilizobanduka zinaswe hukohuko.

Bi_Tarakimu
Hapo nakubali, na niongeze. Uwiano ule wa ka·Rmax/kt ukifika 10, ka na kt zinafichana: mwinuko wa mwanzo unakaribia kt·C tu, bila ka ndani yake. Programu itakupa ka hata hivyo, tena kwa kujiamini. Soma kosa sanifu pembeni yake kabla hujashangilia. Nafuu ni kwamba KD (kd kugawanya kwa ka, kipimo cha nguvu ya mshiko) haiharibiki, maana kigawanyo kile kile kinazipunguza ka na kd kwa pamoja, na kwenye msawazo kinajifuta.

Mzee_wa_Gridi
Nilitatua milinganyo kamili kwa ajili ya tasnifu yangu. Wiki nzima kompyuta inanguruma, na kwa mfereji ulionyooka mkunjo ulilala karibu juu ya ule wa vyumba viwili. Itumie kama chumba chako kina kona za ajabu, au kihisi ni chembamba kama waya wa nano. Vinginevyo ni kuchoma umeme.

Panya_wa_Maabara
Shukrani wakuu. Nimebandika upya, RU 280. Langmuir bado inayumba: 5.2×10⁵ kwa mtiririko wa 10, na 6.8×10⁵ kwa 80. Vyumba viwili, mitiririko yote miwili ikichakatwa pamoja, inanipa karibu 10⁶, na mabaki (tofauti kati ya data na modeli) yametawanyika bila mpangilio juu na chini ya sifuri. Nimempelekea msimamizi grafu. Kajibu: "Nzuri. Wastani uko wapi?"