Wanawake wa Nyanda za Juu Kusini tupeane uzoefu: kijiti, sindano, kitanzi, na yale ambayo hatukuambiwa kliniki

Mama wa Uyole

Habari za jioni wanajamvi. Uzi huu ni wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa, ila wa mikoa mingine karibuni.

Kikoba chetu wiki iliyopita kiligeuka baraza la uzazi wa mpango. Mmoja anasema sindano inakausha kizazi, mwingine inaleta ukimwi, wa tatu kaapa kwamba kijiti kinatembea mwilini mpaka kwenye moyo. Hakuna aliyebisha, maana ukibisha utaulizwa wewe unatumia nini. Hapa tuna majina ya bandia, tuseme.

Masharti ni machache. Simulia lililokupata wewe, si la jirani wa shangazi yako. Usitaje kituo wala jina la nesi. Wauza dawa za "kusafisha kizazi" mpite mbali, biashara yenu ina nyuzi zake.

Naanza mie. Baada ya mtoto wa pili niliwekewa kijiti cha miaka 3 zahanati, bure. Yule dada alikuwa na foleni mpaka nje, akachoma ganzi, akaingiza, akanifunga bandeji, "mwingine!" Wiki chache baadaye damu ikaanza ya matone. Nakauka siku tatu, inarudi wiki nzima. Pedi zikawa bajeti kama mkaa. Mzee nyumbani akaanza kununa, mama mkwe akasema damu ikikaa nje ya zamu yake ni kansa.

Nikarudi kitolewe. Nikamkuta nesi mwingine, mama mtu mzima, akasema kaa kwanza. Akanieleza kwamba kijiti kina homoni moja tu, inafanya ukuta wa mji wa mimba uwe mwembamba, ndiyo maana unamomonyoka kidogo kidogo bila ratiba. Wengi hutulia baada ya miezi kadhaa, wengine hedhi inakata kabisa na si ugonjwa, na wachache haitulii, hao wanabadilishiwa njia. Akanishikisha mkono nikigusie chini ya ngozi: kipo palepale kilipowekwa. Nikaondoka nacho, na damu kweli ilitulia.

Maelezo yote hayo hayakufika dakika kumi. Ningeyapata siku ya kwanza nisingekosa usingizi. Naamini wanawake wengi wanaoacha njia hawaiachi kwa sababu ya ile damu, wanaiacha kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba itakuja. Haya, nani anafuata?

Binti Rungwe

Mimi ni sindano ya miezi 3. Nilichoma kama miaka miwili, raha mustarehe, kisha tukakubaliana na mume tutafute mtoto. Kimya. Nusu mwaka, kimya. Mawifi wakaanza kunisalimia kwa kuangalia tumbo. Nikabebeshwa mizizi ya kuchemsha, chungu kama shubiri, naiweka pembeni ya chai kila asubuhi. Mimba imekuja kuingia mwaka unakaribia kuisha, na sifa zote kachukua mzee wa mizizi.

Daktari wa kliniki ya wajawazito hakushangaa hata kidogo. Kumbe katika njia zote za muda, sindano ndiyo yenye tabia hiyo: ukiacha, uzazi huchelewa kurudi, kwa kawaida miezi 9 au 10 tangu sindano ya mwisho, wengine zaidi ya hapo. Kizazi hakijakauka, dawa bado inaisha mwilini. Kijiti na kitanzi ukitoa leo, mimba inaweza kuingia mwezi huohuo. Kwa hiyo dada mwenye mpango wa mtoto mwakani, sindano si ya kwako.

Mlima Iringa

Kamweneee! Kitanzi cha kopa (shaba), kile kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, cha miaka 10. Mwanzoni hedhi ilikuwa nzito na tumbo linakata, ikapungua. Mume alilalamikia nyuzi za kitanzi, nikarudi zikapunguzwa. Basi, sina hadithi nyingine, nalima viazi.

Makambako Stendi

Mnisikilize na sisi tulio kwenye ARV, dawa za VVU. Mwaka 2017 nilikuwa natumia dawa za kumeza usiku zenye efavirenz, nikawekewa kijiti. Mimba ikaingia kijiti kikiwa mkononi! Kwetu wakasema nimedanganya, nilikitoa kwa siri. Nikawaonyesha mkono, bado hawakuamini.

CTC, kliniki yetu ya dawa za VVU, ndio walionielewesha. Efavirenz inalifanya ini liichome haraka homoni ya kijiti. Utafiti uliofanyika Uganda ulikuta kiwango cha homoni kwenye damu kinashuka karibu nusu. Siku hizi wengi tuko kwenye mchanganyiko wenye dolutegravir, huo hauna ugomvi na kijiti. Lakini rifampisini ya TB na baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini zina tabia ileile. Kwa hiyo kabla hujanyoosha mkono, taja dawa zote unazomeza, hata kama kwenye chumba mko watatu na pazia halifungi vizuri. Sindano yenyewe haiguswi na efavirenz, ndiyo niliyohamia.

Mtoto alizaliwa salama, vipimo vyote hana maambukizi. Sasa anasoma na ana mdomo kuliko mimi.

Dodoso Mkononi

Kazi yangu ni kuhoji kaya kwenye tafiti za afya, nyingi hapahapa Mbeya na Songwe. Nijibu lile la kikobani la sindano na ukimwi, maana kijijini naulizwa sana na si swali la kipuuzi. Tafiti za zamani zilikuwa zimeonyesha dalili hizo, ila hazikuweza kutenganisha sindano na mambo mengine ya maisha ya mtu. Ndipo likafanyika jaribio la ECHO, wanawake 7,829 wa Afrika Kusini, Kenya, Zambia na Eswatini, wakapangiwa kwa bahati nasibu sindano, kijiti au kitanzi cha kopa. Majibu yalitoka 2019: hakuna tofauti kubwa ya maambukizi kati ya njia hizo tatu.

Watu wanaishia hapo na kufurahi. Nusu ya pili ya majibu ndiyo inayotuhusu sisi: katika makundi yote matatu, karibu wanawake 4 kati ya 100 waliambukizwa kwa mwaka. Yaani hakuna hata njia moja kati ya hizo inayokukinga. Na sisi ndio tunaoongoza nchi kwa VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 uliweka Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Kondomu ibaki palepale.

Kuhusu takwimu za uzazi wa mpango, utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 31 ya wanawake walio kwenye ndoa nchini wanatumia njia ya kisasa. Mimi naisoma namba hiyo kwa jicho la pembeni. Tunatakiwa kuhoji faraghani, lakini faragha ya kijijini unaijua. Mama mkwe anapukuchua mahindi mlangoni, mama anajibu "situmii". Ananisindikiza hadi kwenye migomba, anageuka kuangalia nyuma, anapandisha mkono wa sweta: kijiti.

Asiyetajwa (kaniomba nimbandikie. Mama wa Uyole)

Nilikuwa chuo, Mbeya mjini. Mimba ya wiki chache, mwenye mimba kazima simu. Nikanunua vidonge kwa mtu, nikameza, sitaeleza zaidi. Damu ilitoka siku nyingi, kisha homa na harufu. Sikwenda hospitali kwa sababu rafiki alisema nitatoka pale na pingu. Nilipoanza kuona giza nikisimama, mwenzangu wa chumba akaita bajaji bila kuniuliza.

Wa kwanza kunipokea alisema hanigusi mpaka niseme nimekunywa nini na nani kanipa. Nalia, natetemeka, baridi ya Julai, kanga imelowa. Akapita mwingine akamwambia, "Muweke dripu, utahoji baadaye." Nilisafishwa kwa pampu ya mkono, nikapewa antibiotiki. Kabla ya kuruhusiwa nikaulizwa njia gani ya kuzuia mimba ninataka, nikadhani ananisimanga. Kumbe yai linaweza kupevuka tena ndani ya wiki mbili tu.

Nesi Mstaafu

Pole sana mwanangu. Hapo kwenye pingu niweke sawa. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, inamfunga anayetoa, anayetolewa na anayeuza dawa. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kuokoa maisha ya mama. Lakini huduma baada ya mimba kuharibika si kosa, iwe imetoka yenyewe au imetolewa. Tumefundishwa kutoa huduma hiyo, na anayekuweka benchi akuhoji kwanza anavunja kazi yake. Damu inayolowesha pedi mbili ndani ya saa moja, homa, harufu au kizunguzungu: usisubiri kukuche.

Na msidhani ni mmoja mmoja. Makadirio ya watafiti wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), Muhimbili na Guttmacher (taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya ya uzazi) kwa mwaka 2013 yalikuwa utoaji mimba 405,000 nchini. Kwa viwango, Kanda ya Ziwa ya kwanza, sisi tunafuata.

Dereva wa Tunduma

Shemeji zangu, mimi mwanaume nimefunga kizazi. Watoto watano wanatosha. Sauti haijawa nyembamba, lori bado naendesha, na ya chumbani yako vilevile. Niliambiwa tutumie kondomu miezi 3 mpaka mbegu zilizobaki njiani ziishe, maana haizuii siku hiyohiyo. Kijiweni sijawaambia.

Mama wa Uyole

Dereva, umenifurahisha, ntamsomesha mzee wangu huo ujumbe akishashiba. Mufindi mko wapi? Wa mashamba ya chai, siku ya kliniki mnaruhusiwa kutoka kazini au mnakatwa?