Nilimwambia mgeni "we are mocking you", amevunjika moyo. Nimwandikieje?

Mtembezi_Kizimbani:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba mnisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumapili mgeni mwenyewe anaondoka.

Mimi natembeza wageni mashamba ya viungo, upande wa Kizimbani, hapa Unguja. Juzi nilikuwa na watu sita, mmoja wao bibi wa Kiingereza, makamo ya mama yangu mzazi. Mpole, anauliza kila jani. Tulishamvisha kofia ya makuti, tumempaka zingefuri, ile rangi nyekundu ya mbegu, midomoni, naye anacheka. Tulipofika kwenye mbilimbi nikamchumia bilimbi moja, nikamwambia ni tamu kama zabibu. Akalitia mdomoni lote. Jamani, uso ulimkunjika, machozi yakamtoka, na wenzake wakaangua kicheko. Nikataka kumpoza, nikasema: "Don't worry, we are mocking you. I cheated you small." Moyoni mwangu nilikusudia: usijali, tunakutania, nimekudanganya kidogo tu.

Akaivua ile kofia, akaiweka juu ya kisiki, taratibu. Kisha akaniuliza kama bei niliyomtoza ni bei ya haki. Mpaka tunatoka shambani hakuuliza jani jengine. Bosi anataka nimwandikie barua ya kuomba radhi. Usingizi siupati. Maneno yale yana kosa gani, na niandike lipi?

BintiWete:
Pole kaka. Suala la bei limeletwa na "cheat". Sisi "kudanganya" kwetu kunabeba kila kitu, hata kumbembeleza mtoto ale uji. "Cheat" ya Kiingereza ni dhulma: kuibia mtihani, kumsaliti mume au mke, kupunja kwenye mizani. Ulimwambia kwa mdomo wako kwamba umempunja. Vipi asiulize bei?

Mwalimu_Chake:
Nafundisha Kiingereza skuli, na kosa hili la "mock" nalisahihisha kila mwaka. Watoto wetu wanalijua kwa mtihani wa moko, yaani mtihani wa kuigiza ule wenyewe, kwa hivyo wanaliona neno jepesi. Likielekezwa kwa mtu ni kumdhihaki, kumcheza shere, pengine kumwiga anavyosema ili watu wacheke. Katika Biblia ya zamani ya Kiingereza, askari waliomvika Yesu taji la miiba na kumpigia magoti ya kejeli wameelezwa kwa neno hilo hilo. Yule bibi alilisikia kwa uzito huo.

Ulilolitaka ni "tease". Asili yake ni kuchambua sufu, kuivuta nyuzi moja moja. Aliyewahi kuwaona mama zetu wakichambua makumbi ya nazi kabla ya kusokota kamba atafahamu upesi: unamvuta mtu kidogo kidogo, huku na huku. Lakini nalo si salama moja kwa moja. Rafiki akikutania ni "tease", na mtoto anayechekwa skuli kila siku mpaka akachukia kwenda naye huambiwa hivyo hivyo. Tazama nani anacheka. Wao wana "laugh with" na "laugh at", sisi tuna kucheka na mtu na kumcheka mtu.

Kwa uongo mdogo wa maskhara sema "I was kidding" au "I was pulling your leg". Kumpa bilimbi ukaliita tamu ni "trick" au "prank". Ukisikia "con" au "scam", ujue pesa zishaondoka.

Mtoto_wa_Makunduchi:
Mwalimu, kwa heshima zote, mimi neno silioni kuwa ndilo kosa kubwa. Hata angesema "tease", bilimbi lilikuwa lishafika kooni. Utani una wenyewe: bibi na mjukuu wake, mabinamu, mashemeji. Kwetu siku ya Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, wanaume hupigana kwa migomba na wanawake huimba maneno ambayo siku nyengine yangevunja nyumba, na hakuna anayeshangaa, kwa sababu siku imefika na kila mtu anaijua. Waingereza nao wana 1 Aprili, na kwa desturi yao ikipita saa sita mchana mzaha haufai tena. Siku hiyo mwaka 1957 BBC ilionesha watu wa Uswisi wakivuna tambi mitini, na watazamaji wakapiga simu kuuliza miti hiyo inapandwaje. Mzaha ule uliwapata wengi pamoja, hakusimamishwa mtu mmoja mbele ya wenzake. Huyu mama hakuwa mtani wako, na siku haikuwa siku.

BintiWete:
Nakubali nusu. Kofia aliivaa, zingefuri alipaka, kwa hivyo mlango alikuwa ameshaufungua. Angelionja bilimbi lile peke yake angecheka pia. Kilichomuumiza ni vicheko vya wale watano, halafu likaja neno lenye maana ya dhihaka likavithibitisha.

Mtembezi_Kizimbani:
Nimesoma yote, Mungu awalipe. Nimeandika hivi: "Dear Madam, I am sorry if you were offended. I was only teasing you. I used the wrong words. The price was fair." Nayo mtanisahihishia?

Mwalimu_Chake:
Futa "only". Ukiliacha unamwambia jambo lilikuwa dogo, yeye ndiye aliyelikuza. Futa na "if you were offended". Kuudhika ameshaudhika, ulimwona mwenyewe akivua kofia. Andika: "I am sorry that I made people laugh at you." Na kuhusu bei usidai tu kwamba ni ya haki, mpelekee karatasi ya bei aone kila mgeni alilipa kiasi gani.

Mtembezi_Kizimbani:
Nimefuta yote mawili. Karatasi ya bei ninayo. Kesho asubuhi nampelekea mwenyewe hotelini, simtumi mtu. Kofia yake niliiokota siku ile pale kisikini, lakini makuti yameshakauka na kukatika, kwa hivyo jioni hii nimekaa barazani namsukia nyengine.